Hita ya maji ya sola: bei, punguzo na waranti kabla hujapandisha kitu juu ya bati

Mtu akisikia kuna nyumba Mwanza imefunga hita ya maji, anaanza kwa kucheka. Joto lote hili, maji ya moto ya nini? Anayecheka namkaribisha Isamilo mlimani mwezi wa saba, alfajiri, aoge maji yaliyolala kwenye simtank usiku kucha huku upepo wa ziwani ukipita. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na ukiwa na mzee au mtoto mchanga ndani ya nyumba utachemsha maji upende usipende. Kilichobaki ni kujua unachemsha na nini, na kwa shilingi ngapi.

Sisi tulianza na mkaa, tukaja kwenye ile hita ya umeme inayofungwa juu ya bomba la mvua, sasa tuna hita ya sola ya lita 150 yenye mirija ya kioo. Wanaoniuliza kuhusu hita hii karibu wote wanauliza bei ya mashine. Hilo ndilo swali rahisi kuliko yote, maana muuzaji yeyote atakujibu kabla hujakaa.

Anza na hesabu ya maji yenyewe. Kupasha lita 100 kutoka nyuzi 24 hadi 45 kunakula umeme wa uniti kama mbili na nusu. Kwa mteja wa kawaida wa TANESCO, uniti inauzwa shilingi 292, na ukiweka VAT ya asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mamlaka ya kudhibiti nishati na maji) asilimia 1, inafika kama 356. Kwa hiyo hizo lita 100 zinakugharimu karibu shilingi 890 kwa siku, kama 27,000 kwa mwezi. Kwa wale walioko kwenye D1, yaani kundi la wateja wa majumbani wanaotumia umeme kidogo, wanaonunua uniti kwa takriban 122 pamoja na makato, kuna mtego mwingine. Lita 100 kila siku ni uniti 75 kwa mwezi, na 75 ndiyo mwisho wa bei yao nafuu. Maji ya kuoga peke yake yanamaliza mgao wote, halafu friji, taa na pasi vinalipiwa kwa bei ya juu.

Sasa geuza upande wa pili. Tuseme mashine ni shilingi 1,400,000 na vitu vya pembeni vinaongeza theluthi, jumla kama 1,850,000. Jua la hapa likikuokolea robo tatu ya ile gharama ya umeme (nimetoa siku za mawingu za masika na za vuli), unaokoa kama 20,000 kwa mwezi. Pesa yako inarudi baada ya miaka saba na kitu. Kadi nyingi za waranti nilizosoma zinalipa tangi miaka mitano. Umeona hapo? Waranti inaisha kabla mashine haijajilipa. Ndiyo maana mimi nikimshauri mtu simwambii atafute hita ya bei ya chini. Namwambia atafute ile ambayo ataweza kuitunza hapa hapa Mwanza ifike mwaka wa kumi.

Na kama nyumbani mko wawili tu, sola achana nayo. Mtu mmoja akioga dakika sita kwenye hita ya umeme ya kilowati 5 anatumia nusu uniti, hata shilingi 200 hazifiki. Fungiwa na fundi mwenye leseni ya EWURA, hakikisha nyumba ina ethi ya kweli (waya wa kupeleka umeme ardhini), basi. Sola inaanza kuwa na maana kuanzia watu watano hivi.

Hivyo vitu vya pembeni nilivyosema ni vipi? Usafiri wa mashine hadi kwako, na kama unakaa kwenye mawe ambako gari haifiki, ongeza vijana wa kubeba. Bomba za PPR za maji ya moto, kwa sababu plastiki ya kawaida inalainika. Valvu, viungio, waya na swichi ya elementi (koili ya umeme ndani ya tangi, ya kupasha maji jua likikosekana). Jukwaa la chuma la kupandishia simtank, na hili ndilo linalowashangaza wengi: hita nyingi za mirija zinazouzwa hapa hazina presha, maji yanaingia kwa kushuka yenyewe, kwa hiyo tangi la maji baridi lazima likae juu kuliko hita. Kama simtank yako iko usawa wa dari, bajeti yako bado haijakamilika. Halafu kuna kuimarisha kenchi. Lita 150 ni kilo 150 kabla hujahesabu tangi, mirija na fremu. Dhoruba za ziwani zikija mchana zinakuja na upepo wa kung'oa bati, na kwenye kila kadi utakuta waranti haigusi upepo, radi wala mafuriko. Haigusi ndege pia. Makorongo wakubwa wa jalalani wanapenda sana kutua juu ya tangi, na mrija ukipasuka ni wako.

Kuhusu punguzo. Ofa za kweli zipo. Kwenye maonesho ya Nanenane pale Nyamhongolo, siku za mwisho muuzaji aliyeleta mzigo kutoka Dar hataki kuurudisha zaidi ya kilomita elfu moja, na hapo ndipo bei inaongea. Ila ukichukua mashine iliyokaa kwenye maonesho, kagua mirija mmoja mmoja. Ncha ya chini ina rangi ya fedha inayong'aa kama kioo cha kujitazamia. Ikiwa nyeupe kama maziwa, hewa imeingia na mrija huo hautapasha maji. Njia nyingine ni kununua kwa pamoja. Majirani watatu wanne wakienda dukani na fedha taslimu, au kupitia SACCOS ya kazini, wanapata bei ya jumla, wanagawana usafiri, na fundi anafunga zote kwa safari moja. Sisi tulipunguziwa zaidi kwa njia hiyo kuliko kwa ofa yoyote ya bango.

Na kodi je? Sheria ya VAT ya 2014 ilipoanza iliweka vifaa vya sola, pamoja na mirija ya kukusanyia joto, kwenye orodha ya vilivyosamehewa. Orodha hiyo huguswa guswa na Sheria ya Fedha inayopitishwa kila Juni. Kwa hiyo kabla hujalipa muulize muuzaji kama bidhaa hii ina VAT au haina, kisha linganisha na mstari wa kodi kwenye risiti. Kama amekutoza asilimia 18, iwe inaonekana pale.

Kuna punguzo moja la kukimbia, na utalisikia tu mitaa ya maduka mjini: "Boss, bila risiti nakupunguzia." Wengi wanaona ni dili. Lakini waranti inaanza kuhesabiwa tarehe ya risiti, na bila risiti ya EFD (ile ya mashine ya TRA) huna tarehe, huna duka, wala huna ushahidi kwamba ile serial namba ilitoka kwao. Elfu themanini unayopunguziwa leo ndiyo bei uliyouzia miaka mitano ya tangi. TRA wanatuimbia "ukinunua dai risiti" kwa sababu zao. Wewe idai kwa sababu zako. Tena ukishaipata, nenda stationery hapo hapo uitoe kopi. Karatasi ya EFD inafutika. Ikikaa droo moja na joto letu, mwaka wa pili unashika karatasi nyeupe tupu na kuapa kwamba ilikuwa risiti. Kopi, picha kwenye simu, na nyingine mtumie mwenzako WhatsApp.

Waranti yenyewe usiisome kama kitu kimoja. Kwenye hita moja zipo kama nne. Tangi lina miaka yake. Elementi na themostati mara nyingi ni mwaka mmoja. Mirija hailipwi ikivunjika baada ya kukabidhiwa, ndiyo maana unaihesabu na kuikagua mbele ya dereva kabla hujasaini. Na kazi ya ufundi ina muda wake, au haina kabisa, kutegemea ulikubaliana nini na nani. Uliza pia kitu kikibadilishwa mwaka wa nne, hicho kipya kinaanza miaka mitano upya au kinamalizia ule mmoja uliobaki. Kawaida kinamalizia. Uliza nani analipa usafiri kama karakana yao iko Dar, maana tangi la lita 150 kwenye basi kutoka Nyegezi si kifurushi cha nguo. Duka lenye elementi na mipira ya kuzibia hapa Mwanza, hata likiwa ghali kidogo, mimi nalipa hiyo tofauti bila kuumia.

Ile ya ufundi ndiyo yenye ugomvi. Yetu ilianza kudondosha maji pale bomba la moto linapotoka kwenye tangi, matone yanatembea kwenye bati hadi ukutani. Dukani wakasema, "Hilo ni la fundi, sisi tunalipa mashine." Fundi akapanda, akashika kiungio, akashuka na jibu lake: "Mzee, uzi wa tangi ndio mbovu, mimi nimekaza vizuri." Ungeweza kuzunguka kati ya hao wawili hadi mvua zianze. Kilichotuokoa ni mstari mmoja tuliokuwa tumeomba uandikwe kwenye ankara siku ya kununua: kwamba fundi ni wa duka na duka linawajibika kwa ufungaji kwa miezi kumi na miwili. Niliwaonyesha ule mstari. Kesho yake walileta kiungio kipya na fundi yule yule, bila kulipia. Ukichukua fundi wako wa mtaani, ni sawa, wapo wazuri sana, lakini muulize kwanza muuzaji kama hiyo haiui waranti, na jibu liandikwe.

Wakikuzungusha kabisa, jua kwamba huombi hisani. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura 214, inamtaka mfanyabiashara auze kitu chenye ubora unaofaa kwa matumizi yake, na Sheria ya Ushindani ya 2003 ndiyo iliyoanzisha Tume ya Ushindani, FCC, ambako mlaji anaweza kupeleka malalamiko. Barua yenye nakala ya risiti, kadi na picha mara nyingi inafanya kazi kabla hata hujaituma kwa Tume. Mwonyeshe tu meneja.

Sasa anodi, ambayo hakuna muuzaji aliyewahi kunitajia bila kuulizwa. Ndani ya tangi kuna fimbo ya magineziamu, kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya tangi. Ikiisha, kutu inahamia kwenye chuma cha tangi. Kadi nyingi kwa maandishi madogo zinasema anodi isipokaguliwa waranti ya tangi imekufa. Tulipofungua yetu mara ya kwanza, fimbo iliyokuwa nene kama kidole gumba ilikuwa imebaki waya wa katikati na vipande viwili vitatu vyenye mashimo, vinavunjika kwa kucha. Tangi lilikuwa bado safi. Anodi mpya ni bei ndogo sana ukilinganisha na tangi. Ikague kila mwaka, mapema zaidi kama unatumia kisima chenye maji ya chumvi, na kila ukibadilisha dai risiti, hiyo nayo ibanwe pamoja na kadi.

Mengine ni haraka. Usijaze maji mchana mirija ikiwa mikavu na ya moto, itapasuka, na hakuna atakayekulipa. Jaza alfajiri au funika na turubai. Elementi iwekee taima, kwani elementi ya kilowati 1.5 ikisahauliwa inawaka kutwa, saa mbili tu ni uniti tatu. Wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi wakitua kwenye mirija, osha kwa maji jioni ikishapoa.

Na kama nyumba ni ya kupanga, kaa na mwenye nyumba kwanza. Mwandikiane hita ni ya nani ukihama, nani anatunza kadi, na kama gharama itakatwa kwenye kodi ni miezi mingapi. Risiti iwe na jina la yule atakayebaki na mashine, maana zipo kadi zinazomtambua mnunuzi wa kwanza peke yake.