Mama anasema tumwache afe

SWALI: Mama yetu ana saratani ya mlango wa kizazi, hatua ya 4, tunamuuguza nyumbani. Wiki ya tatu sasa anasema, "Niacheni nife, mmehangaika nami vya kutosha." Kaka anamkemea asikufuru. Mofini ya maji tunampa akizidiwa. Tumjibu nini?
Binti, Tanga

JIBU: Pole sana, binti. Kwanza kaka aache kumkemea. Mgonjwa akikemewa wazo haliondoki, analificha tu, nanyi mtakosa kujua hali yake.

Sikilizeni tena maneno yake. Hakusema "nimehangaika", alisema "mmehangaika". Huenda kinachomuumiza ni kuwaona mnakesha na pesa zinaisha. Mwingine akisema hivyo anaogopa maumivu ya kesho, mwingine ameridhika tu kwamba siku zimefika, na yupo anayetaka kweli kuzifupisha. Hamtajua bila kumuuliza. Mmoja anayemwamini akae naye peke yake, amuulize: "Mama, kinachokuchosha zaidi ni nini?" Kisha anyamaze, asubiri. Baadaye amuulize waziwazi kama amewaza kujidhuru. Swali hilo halimpandikizii wazo.

Mofini mnaikosea. Nguvu ya ile ya maji hudumu kama saa 4, kwa hiyo mkisubiri azidiwe, kila siku mnayakimbiza maumivu yaliyokwishapanda. Kwa kawaida hutolewa kwa saa: saa 12 na saa 4 asubuhi, saa 8 mchana, saa 12 jioni, saa 4 usiku. Jinsi ya kumvusha kutoka saa 4 usiku hadi asubuhi, waulizeni waliomwandikia. Kipimo ni kile alichoandikiwa, msiongeze wenyewe. Kichefuchefu cha mwanzo hupungua baada ya siku chache, lakini choo kigumu hakiishi chenyewe, hivyo aandikiwe dawa ya kulainisha choo ya kila siku. Wengi huikataa mofini kwa sababu hiyo tu. Akianza kusinzia kupita kiasi au misuli kumrukaruka, wapigieni waliomwandikia mara moja: saratani hii huweza kuziba mirija ya mkojo, figo zikashindwa kuitoa dawa mwilini, na ratiba ikabidi ibadilishwe.

Kuna jambo ambalo mama hatalisema mbele ya wanawe, nalo ni harufu ya uchafu unaotoka ukeni. Huwafanya wanawake wengi wakatae wageni na kujiona wameoza wangali hai. Mwambieni muuguzi, dawa iitwayo metronidazole huipunguza sana.

Mwombeni pia daktari ampime sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Mwaka 1995 nchini Kanada walihojiwa wagonjwa 200 waliokaribia kufa. Asilimia 44.5 walikiri kutamani kifo mara mojamoja, ila waliokitamani sana na kwa kudumu walikuwa asilimia 8.5, na zaidi ya nusu ya hao walikuwa na sonona. Wachache walipohojiwa tena baada ya wiki mbili, wengi wao hamu ilikuwa imepungua. Kwa mama, kukosa usingizi na hamu ya kula hakuthibitishi kitu, maana saratani yenyewe huleta hayo. Angalieni kama wajukuu wakiingia uso bado unachangamka, au anajilaumu kutwa.

Akitaja namna ya kujidhuru, au mkikuta ameficha dawa, asiachwe peke yake hata kidogo. Dawa zote zifungiwe, ufunguo ashike mtu mmoja, na siku hiyohiyo mtafuteni daktari au wahudumu wa huduma shufaa (wanaotuliza maumivu na mateso ya wagonjwa mahututi) katika hospitali iliyompa mofini.