Kifusi hakisafishi kiwanja cha karakana

SWALI: Assalamu alaykum mhandisi. Sisi ni ndugu watano, tuna kiwanja cha ekari moja na nusu pembezoni mwa hori, Chake Chake. Zamani palikuwa karakana ya malori na jenereta. Pana bohari lenye paa la asbestosi na matangi mawili yaliyozikwa, la dizeli na la petroli. Tunataka kubomoa, tujenge maduka chini na fleti juu, tuweke skuli ya watoto wadogo na tuchimbe kisima chetu wenyewe. Mkandarasi anasema tukwangue sentimita 30 za udongo, tumwage kifusi nusu mita na zege juu yake, basi. Mwengine anatuuzia dawa ya vijidudu ya kunyunyiza, anasema wiki mbili tu ardhi inakuwa safi. Kifusi kiasi gani kinatosha, na hiyo dawa tuinunue?
Msomaji, Chake Chake

JIBU: Waalaykumu ssalaam, ndugu yangu. Dawa msinunue, na kina cha kifusi kinachotosha hakipo. Swali hili huulizwa kila palipo na karakana, kinu au bohari la mafuta la zamani karibu na maji, na mara nyingi anayeuliza ameshajibiwa na mwenye lori la kifusi.

Tazameni mafuta yanavyokwenda. Petroli au dizeli ikivuja hushuka mpaka ikutane na maji ya ardhini, kisha huelea juu yake. Kando ya hori maji hayo hayatulii. Bahari ikijaa yanapanda, ikipwa yanashuka, na wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa kwenye visiwa vyetu hukaribia mita 4. Mwendo huo hupungua ndani ya ardhi kadiri unavyoliacha hori, lakini kwenye kiwanja kilicho ukingoni bado upo. Kwa hiyo mafuta hupandishwa na kushushwa mara mbili kwa siku, yakiupaka udongo kama brashi ya rangi inavyopaka ukuta. Tabaka chafu kuliko yote huwa mita moja, mbili au zaidi chini, huku udongo wa juu hauna hata harufu. Mkandarasi wenu akikwangua sentimita 30 ataondoa sehemu iliyo nafuu na kuwaachia iliyo mbaya. Halafu atawadai pesa ya kuifunika.

Na hilo zege lake linaongeza tatizo. Pakiwa wazi, mvuke wa petroli hutoka na kupeperushwa na upepo. Ukiziba juu, hutafuta nyufa za sakafu na pembeni mwa mabomba, ukaingia vyumbani. Ndani yake mna benzini, ambayo husababisha saratani ya damu. Chumba cha chini kabisa, chenye watoto waliolala mchana kwenye mikeka, ndicho kinachoupata mwanzo. Kule Niagara Falls, Marekani, mfereji wa Love Canal ulijazwa takriban tani 20,000 za taka za kemikali, ukafunikwa kwa udongo wa mfinyanzi, na mwaka 1953 ardhi ikauzwa kwa bodi ya skuli kwa dola moja. Skuli ikajengwa, nyumba zikafuata. Maji ya mvua yakajaa mle ndani, kemikali zikapanda mpaka kwenye nyumba za watu, na mwaka 1978 serikali ikatangaza hali ya dharura na familia zikahamishwa. Huo ulikuwa mfinyanzi, unaozuia maji kuliko kifusi chochote mtakachouziwa.

Sasa muuza dawa. Ni kweli vipo vijidudu vinavyokula dizeli, na ukweli huo mmoja ndio anaoutumia kuwapotosha watu. Kazi hiyo inataka udongo uchimbuliwe, urundikwe juu ya plastiki nzito kwa kimo kisichozidi mita 2, upinduliwe mara kwa mara uingie hewa, uwe na unyevu, utiwe mbolea ya naitrojeni na fosforasi, na upimwe tena na tena. Ni kazi ya miezi. Ukinyunyiza juu, mita 2 chini hakuna hewa wala hakufiki kitu. Tena hakuna kijidudu kinachokula risasi ya betri zilizopasuliwa, wala asbestosi. Wanaomwaga sabuni nao wanalegeza mafuta yakimbilie kwenye mikoko, palipo na chaza na kaa wa watu. Kila anayeahidi kusafisha ardhi ambayo hajaipima anafanya utapeli, hata akija na cheti cha rangi.

Kazi yenyewe huanza kwa kuwauliza mafundi na walinzi wa zamani: oili chafu ilimwagwa shimo gani, betri zilipasuliwa wapi, transfoma ilisimama wapi. Mafuta ya transfoma za zamani yanaweza kuwa na PCB, sumu isiyooza. Kisha chimbeni mashimo ya vipimo kila mita 20, ambayo kwa kiwanja chenu ni kama 15, na kila mita 10 kuzunguka matangi na shimo la oili. Yafike mita 3, au mpaka mkute maji. Chukueni udongo wa juu, udongo wa pale rangi au harufu inapobadilika, na ule uliopo juu kidogo ya maji. Huu wa mwisho ndio wenye habari, na ndio wanaousahau.

Udongo utiwe kwenye chupa ya kioo, ujae mpaka mdomoni, kifuniko kikazwe, uwekwe kwenye boksi la barafu kwa nyuzi 4 hivi na ufike maabara mapema iwezekanavyo. Ukitiwa mfuko wa nailoni, petroli yote itakuwa imeruka njiani na karatasi ya maabara itasema kiwanja ni safi. Majibu ya namna hiyo yapo mengi, na watu wamejenga juu yake.

Wekeni pia visima vidogo vya kupimia visivyopungua 3, kwa umbo la pembetatu, mjue maji yanaelekea wapi. Vipimwe bahari ikijaa na ikipwa, siku za bamvua na siku za maji mafu.

Tangi la petroli lililo tupu ni hatari kuliko lililojaa. Mvuke ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa, cheche moja inatosha kuripua, kwa hiyo asiingie mtu na gesi ya kukatia kabla tangi halijatolewa mvuke na kupimwa kwa kifaa. Mabati ya asbestosi yaloweshwe, yafunguliwe mazima, yasikatwe wala kutupwa chini, yafungwe kwenye plastiki mbili.

Kisima cha matumizi hapo, hasha. Vuteni maji ya ZAWA, Mamlaka ya Maji Zanzibar, ila msipitishe bomba la plastiki la kawaida kwenye udongo wenye petroli, kwani petroli hupenya ukuta wa plastiki hata bomba likiwa halina tundu. Tumieni bomba lenye tabaka la alumini ndani yake au la chuma, kwenye mtaro uliojazwa mchanga safi. Palipochafuka sana pachimbuliwe paondoke. Jengo likae juu ya nguzo, chini pawe maegesho yaliyo wazi upepo upite, na skuli iende kwengine. Mkishikilia maduka yawe chini, basi chini ya sakafu itandikwe kokoto ya milimita 150 yenye mabomba ya matundu ya milimita 100 yanayopanda mpaka juu ya paa, na juu yake karatasi ya plastiki ya milimita 1.5 hadi 2 iliyochomelewa, na kila bomba linapoitoboa pazibwe. Majibu ya vipimo yapelekeni ZEMA, mamlaka ya mazingira ya Zanzibar, kabla ya kubomoa chochote.

Udongo utakaotoka ndio unaonitia hofu zaidi, na hapa nasema na wasomaji wote wa Unguja na Pemba. Maji mengi tunayokunywa yanatoka ardhini, na penye jiwe la matumbawe lenye nyufa uchafu husafiri haraka. Asiyejua pa kuupeleka udongo wa karakana huugawa bure, ukaenda kujaza mabonde na viwanja vya nyumba za watu wasiojua. Ukiletewa kifusi cha bure, tia konzi moja kwenye chupa nyeupe yenye maji, tikisa, uache utulie. Yakielea mafuta yenye rangi za upinde wa mvua, lori lirudi lilikotoka. Yasipoelea, bado hujathibitisha usafi: dai kwa maandishi udongo umechimbwa wapi, na dereva asiinue bodi kabla hujaishika karatasi hiyo.