Usinunue dawa ya mzee kwa hela yako kabla hujapewa fomu 2C

Rudisha hiyo hela mfukoni, mkuu! Baba ana kadi ya NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya), dirisha la dawa wamekwambia "hakuna, kanunue nje", na wewe kesho unateremka kutoka Masasi kuja Mtwara mjini kununua dawa za presha za miezi mitatu, risiti utunze urudishiwe. Halafu unauliza duka gani lina nafuu, na kama msamaha wa matibabu kwa wazee upo, na kama umhamishie CHF, bima ya afya ya jamii. Urudishiwe na nani?

Mimi risiti nilizitunza. Mama yumo kwenye kadi yangu kama mtegemezi, anatumia dawa za presha, amlodipini na losatani. Tukaambiwa hivyo hivyo, hakuna. Pale kwenye benchi alikuwepo bwana mmoja mjuaji, shati kachomekea, akanishika bega: "Mwalimu, nunua tu, Mfuko unarudisha." Nikamwamini! Hela ya korosho ya mama ikaishia duka la dawa. Siku nilipozipeleka ofisi ya Mfuko, nusu ya zile risiti za mashine ya EFD zilikuwa nyeupe pe, maandishi yamefutika. Zilizosomeka nazo hazikusaidia: Mfuko unamlipa mtoa huduma mwenye mkataba nao, siyo mwanachama aliyekuja na bahasha ya risiti. Dada wa pale ofisini akaniuliza kwa upole, "Kwani fomu 2C hamkupewa?" Ndiyo kwanza naisikia, mimi ninayekatwa asilimia 3 kila mwezi na mwajiri akaongeza 3 nyingine.

Bwana wa benchi, kama umo humu jukwaani njoo inboksi nikupe zile risiti, labda wewe watakurudishia.

Iko hivi. Dawa ikikosekana hospitali, daktari anajaza 2C, inaandikwa kwamba haipo, mhuri unagongwa. Unaibeba na kadi hadi duka lenye mkataba na NHIF, na duka ndilo linalodai Mfuko. Dawa ikiwa kwenye orodha ya Mfuko, hutoi hata mia. Duka lisilo na mkataba lipite, hata likiwa mbele ya geti la hospitali.

Msamaha wa wazee wa miaka 60 na zaidi ni wa wasiojiweza. Mwenye kadi atumie kadi.

Wakikwambia fomu zimeisha, usiondoke, muulizie mganga mfawidhi. Mimi siku hizi nasimama pale pale dirishani mpaka mhuri ugongwe, foleni nyuma yangu inaguna, na wameshanibatiza Mwalimu 2C. Waniite tu.