Ahirisha kikao, mpeleke hospitali leo

Dada, umeandika kwamba mdogo wako wa miaka 23 alibakwa Jumatano usiku na mtu mnayemfahamu, amekuambia wewe peke yako, na unamsubiri baba mdogo afike Jumapili ili "familia ikae kwanza". Umeuliza pia mchumba wake aambiweje na kazini arudi lini. Hayo watakujibu wengine. Leo ni Ijumaa, na mimi nahesabu saa.

PEP, dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU, huanzishwa ndani ya saa 72, na kila inapowahi ndivyo inavyosaidia zaidi. Kisha humezwa siku 28. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba hutolewa mpaka saa 120, nayo ikichelewa nguvu hupungua. Kuna chanjo ya homa ya ini B, kuna tiba ya magonjwa ya zinaa. Jumapili PEP itakuwa imeshapita.

Najua kwa sababu kwetu kikao kilifanyika. Mdogo wangu alirudi alfajiri akaniambia. Shangazi, ndiye mkubwa tuliyekuwa naye nyumbani, akasema aoge, alale, nguo ziloekwe, neno lisitoke nje mpaka wazee wafike. Maji nilichemsha mimi. Nguo nilifua mimi. Wazee wakafika, wakajaa sebuleni, yeye akaitwa akae katikati asimulie. Mjomba: saa ile ulifuata nini kule? Shangazi: mbona hukupiga kelele? Mzee mwingine, ambaye hata ada yake ya shule hajawahi kuuliza, akataka kujua kama hawakuwa wapenzi. Akasimulia, wakamrudisha mwanzo, na kila aliporudia akachanganya lililotangulia na lililofuata. Wakasema anadanganya. Wakatuma mtu kwa wazazi wa yule kijana wakayazungumze kiungwana.

Tulipofika hospitali, saa 72 zilikuwa zimekwisha. Daktari alitueleza kwamba PEP haianzishwi tena, atapimwa, kisha arudi kupimwa tena baada ya miezi. Ni yeye pia aliyetuambia kwamba mtu akishikwa na hofu ya namna ile mwili unaweza kuganda kabisa, sauti isitoke, na kumbukumbu zikamjia vipandevipande, bila mpangilio. Kumbe kila walichokiita uongo sebuleni kilikuwa dalili ya kilichompata. Majibu yalikuja salama, namshukuru Mungu, lakini ile miezi ya kusubiri aliishi akiwa hali wala halali. Na tangu kikao kile hajanizungumzia tena jambo hilo. Analizungumza na mshauri wa hospitali. Ana haki.

Shangazi nina hasira naye mpaka leo na simfichi. Alikuwa analinda jina la ukoo. Jina la ukoo halikubakwa.

Na wewe uliyemjibu hapo juu kwamba hospitali haimpokei mtu bila PF3, acha kuwatisha watu. PF3 ni fomu ya polisi, daktari huijaza kwa ajili ya kesi, na mtaipata kituoni, Dawati la Jinsia na Watoto. Dawa zisiisubiri. Kama mko Dar, Hospitali ya Amana kuna kituo cha mkono kwa mkono, ambapo daktari, polisi na ustawi wa jamii wanapatikana mahali pamoja. Mtu wa mapokezi akiwarudisha, ulizeni daktari wa zamu na msiondoke.

Nguo za siku ile kama hazijafuliwa, zifunge kwenye karatasi au gazeti, usitie kwenye plastiki, unyevu unaharibu ushahidi. Kama ameshaoga, nendeni hivyohivyo, na usimfanye aone amekosea.

Wanaotaka "kuyamaliza nyumbani" waambie kwamba tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 adhabu ya kubaka mtu mzima haipungui miaka 30 jela. Hilo si jambo la kupatanishwa kwa mbuzi. Wakisema hana shahidi, Mahakama ya Rufani ilishaeleza mwaka 2006 kwamba ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa aliyetendewa mwenyewe.

Ila yeye ni mtu mzima. Akisema polisi hataki leo, usimburute, dawa apewe tu. Mwambie unamwamini, mwambie si kosa lake, mwulize anataka aende na nani. Asipokutaja wewe, usinune, mtafute huyo aliyemtaja. Usimhoji njiani. Maswali ya daktari yanamtosha.

Baba mdogo mpigie mkishatoka hospitali, na kama mdogo wako hataki ajue, basi usimpigie kabisa. Ila sasa hivi weka simu chini, ingia chumbani kwake umwulize. Akikubali, ita bajaji. Dharura hawafungi usiku.