Kabla magari ya riposte, timu za kupambana na Ebola, hayajafika mtaani kwenu

Dada mmoja wa Bunia, mashariki mwa Kongo, ameniandikia: amechaguliwa kuwa mhamasishaji wa afya, afanye nini Ebola ikirudi? Dada yangu, ikirudi utakuwa umechelewa. Anza leo.

Mimi niliifanya kazi hiyo Beni tangu mlipuko ulipotangazwa Agosti 2018 hadi ulipokwisha Juni 2020. Kivu Kaskazini na Ituri tulizika watu zaidi ya 2,200. Mafunzo nayaruka, yalikuwa ya kusinzia.

Magari ya riposte yakipita, watu walijifungia. Tangu 2014 tunachinjwa kwa mapanga, lakini wageni hawaji kutusaidia. Ugonjwa ulipoingia, barabara ikajaa magari. Mwezi Desemba 2018 uchaguzi ukaahirishwa kwetu na Butembo, eti Ebola na usalama. Nani angeamini? Sisi wahamasishaji tukaitwa walaji wa pesa za Ebola. Jirani aliyekula kwangu miaka mingi alinirushia jiwe, na hadi leo hajaniomba radhi.

Mama mmoja alificha watoto baada ya mumewe kupelekwa kituo cha matibabu ya Ebola, akisema huko watu wanatolewa viungo. Sikubishana naye. Nilimpeleka akajionee: vyumba vya plastiki inayoonyesha ndani, muuguzi yuko nje, mikono ameipitisha kwenye glovu zilizoshikizwa ukutani. Akamwita mumewe. Mume akageuka, akauliza kama mbuzi amefungwa. Mbuzi! Mama akacheka huku analia. Siku hiyohiyo akakubali yeye na watoto wachanjwe, wakapimwa joto kila siku hadi zikatimia 21.

Kwa nini alinifuata? Tulikuwa likelemba moja, kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu, kabla ya Ebola. Fulana ya mradi haikusaidia kitu.

Basi ingia likelemba, kaa na watu misibani. Tena mazishi yazungumzeni sasa na wazee, wachungaji na maimamu, maana maiti ya Ebola ina virusi vingi mno na sisi tunapenda kuosha wapendwa wetu kwa mikono. Kubalianeni sala ipi isomwe, nani asimame wapi, familia ione uso namna gani bila kugusa. Vijana, acheni kungoja posho ndipo mwamkie majirani!

Na ukianza kulipwa, taja kiasi hadharani. Ukikificha, watakitaja wao, na sifuri wataongeza.