Barabara inapita kwetu, kazi wanafanya wengine

SWALI: Shikamoo mama. Mwaka jana kampuni ilikuja kutengeneza barabara ya kata yetu hapa Tabora. Walikuja na greda, madereva, mpaka saidia fundi wao. Sisi tuliomaliza kidato cha nne tukabaki chini ya mwembe tunaangalia. Kwa nini serikali isizipe zabuni sehemu ambazo vijana hawana kazi?
Msomaji, Tabora

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimefanya kazi ya ununuzi halmashauri miaka 22 kabla sijastaafu, na mwembe huo naujua. Kila mradi una wa kwake.

Sheria ya ununuzi wa umma ya 2023 inataka asilimia 30 ya ununuzi itengwe kwa makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Ni jambo jema, lakini linamtazama mtu, si mahali anapoishi. Wewe na kijana wa Kinondoni mko foleni moja, na mwenzako ana kompyuta na mtandao wa kuingia NeST, mfumo wa mtandaoni wa zabuni za serikali, saa yoyote.

Marekani wana mpango unaotazama mahali. Unaitwa HUBZone, tangu 1997. Maeneo yenye umaskini na ukosefu wa ajira yanatiwa alama kwenye ramani, na serikali kuu inalenga kutoa asilimia 3 ya fedha za mikataba yake kwa kampuni ndogo za huko. Ofisi kuwa huko haitoshi: angalau asilimia 35 ya wafanyakazi wawe wakazi wa maeneo hayo. Mimi ningepewa kifungu kimoja cha kuongeza kwetu, ningeongeza hicho. Nimeshuhudia kampuni ya mjini ikipanga chumba kimoja sokoni, ikatundika kibao na kujiita ya wenyeji. Siku ya kazi, lori zima la vibarua likashuka kutoka mjini. Aliyefaidi pale ni mama lishe tu, naye waliondoka bila kumlipa deni lake.

Lakini nimeona pia kazi ikibaki kijijini. Mwaka 2021, zilipokuja fedha za UVIKO-19 za madarasa 15,000 nchi nzima, milioni 20 kwa kila darasa, tulijenga kwa force akaunti. Mkandarasi hakuna, shule inanunua vifaa yenyewe na fundi anatoka hapo hapo. Shule moja niliyosimamia, kwenye kamati ya kupokea vifaa alikuwepo mama muuza vitumbua. Kila tripu ya mchanga ikimwagwa anachora mstari wa mkaa ukutani. Dereva akadai tripu 14. Mama akamshika mkono, akampeleka ukutani, wakahesabu pamoja: 11. Tukalipa 11. Na kijana aliyekuwa anabeba maji ya zege tulipojenga darasa la kwanza, tulipofika la pili alikuwa anapiga lipu. Ukuta wake wa kwanza ulipasuka, akaurudia. Leo ni fundi.

Sasa wewe. Jiungeni kikundi, mwoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata awasajili, fungueni akaunti ya benki, kisha ombeni msaada wa kuingia NeST. Anzeni na kazi ndogo za barabara: kufyeka, kuzibua mitaro. Mwaka wa serikali unaanza Julai, kwa hiyo ulizieni mpango wa ununuzi mapema. Wengi huja Oktoba, kazi zimeshagawiwa. Mtaji ukipungua, ipo mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, na 4 kati ya hizo ni za vijana.

Atakuja pia mtu na shati la kupiga pasi, atataka "kuazima" jina la kikundi chenu aombee zabuni, awaachie laki mbili. Mkataeni. Kazi itafanywa na watu wake, na ikiharibika, jina litakalofungiwa ni lenu.

Na mradi mwingine ukija, usisubiri greda ifike. Kwenye mkutano wa kijiji simama uulize, mbele ya diwani, vibarua wangapi watatoka hapa. Omba jibu liandikwe kwenye muhtasari.