Unataka Kuunda Setilaiti? Anza kwa Kusikiliza Zilizoko Juu

Wiki iliyopita nilipokea picha ya Meteor-M, setilaiti ya Urusi ya hali ya hewa, iliyo safi kuliko zote nilizowahi kuzipata. Mawingu yamejiviringa juu ya bahari, ukingo wa pwani unaonekana wazi, na toka juu mpaka chini hakuna hata mkanda mmoja mweusi wa data iliyopotea. Nikaibandika mtandaoni, nikaanza kujipiga kifua. Haukupita muda, ujumbe ukaingia kutoka kwa kijana wa sekondari. Anataka kuja kuunda setilaiti, na kila anayemwuliza aanzie wapi anamjibu asubiri afike chuo kikuu. Akaniuliza: wewe mwenzangu ulianzia wapi, na je, ni halali kunasa picha hizo?

Nilianzia na vijiti viwili vya alumini. Nitajibu kwa urefu, maana hilo la "subiri chuo" hata mimi niliambiwa, na aliyeniambia sijamsahau.

Alikuwa mhandisi aliyealikwa kuzungumza nasi. Nikanyoosha mkono nikauliza kwa nini setilaiti haianguki wakati haina injini inayowaka muda wote. Akacheka. Akasema hesabu zake ni nzito, nisijisumbue, nitazikuta mbele ya safari. Darasa zima likacheka naye. Sasa sikiliza hesabu yenyewe "nzito": setilaiti inaanguka, tena kila sekunde. Ila inakwenda upande kwa kasi ya karibu kilomita 8 kwa sekunde, na kadiri inavyoanguka, dunia nayo inapinda chini yake, basi haifiki chini. Sentensi mbili tu. Angeweza kunipa hizo mbili.

Kwa hasira ile nikaanza kusoma historia, na humo nikakuta jambo ambalo wahadhiri wengi hawalitaji. Sputnik 1 iliporushwa na Muungano wa Kisovyeti tarehe 4 Oktoba 1957, ilikuwa tufe la sentimita 58 lenye uzito wa kilo 83.6, na kazi yake kubwa ilikuwa kulia bip, bip, bip kwenye megahezi 20.005 na 40.002. Mtu yeyote mwenye redio nzuri ya masafa mafupi aliweza kuisikia. Watafiti wawili vijana wa maabara ya fizikia tumizi ya Johns Hopkins, William Guier na George Weiffenbach, nao waliisikiliza. Wakaona mlio unakuwa juu kidogo setilaiti inapokaribia na unashuka inapokwenda zake. Kwa mabadiliko hayo tu wakakokotoa njia yake yote angani. Mwaka uliofuata bosi wao, Frank McClure, akawageuzia swali: kama ukikaa mahali unapojua unaweza kujua setilaiti iko wapi, je, ukijua setilaiti iko wapi huwezi kujua wewe uko wapi? Hapo ndipo ulipozaliwa mfumo wa Transit, wa kuongoza nyambizi, na baadaye ikaja GPS, ambayo setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 1978.

Umeona walivyoanza? Walikaa na redio wakasikiliza. Ndiyo ushauri wangu wa kwanza, na nitaurudia mpaka uchoke: sikiliza kwanza.

Kifaa nilichotumia ni kile kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta, kinafanana na flashi, kilichoundwa awali kwa ajili ya kutazama televisheni ya kidijitali. Watu waligundua kwamba programu ikibadilishwa kinapokea karibu kila kitu. Antena nilijitengenezea: vijiti viwili, kila kimoja sentimita 53 hivi, nikavitandaza kwa pembe ya nyuzi 120 kama herufi V, nikavifunga kwenye kipande cha ubao na kuvilaza sambamba na ardhi. Urefu huo unatokana na masafa ya megahezi 137 yanayotumiwa na setilaiti za hali ya hewa, kwa hiyo usiupunguze kwa kubahatisha. Miezi ya kugombana na programu naruka, haina utamu.

Wakati huo setilaiti za hali ya hewa za Marekani, NOAA-15, NOAA-18 na NOAA-19, zilikuwa bado hai. Jinsi zilivyosikika siwezi kukueleza vya kutosha. Unaanza kusikia mvumo mtupu, kisha kwa mbali, ndani ya mvumo, tik-tok, tik-tok, hafifu, halafu unapanda mpaka unajaa chumba. Kila sekunde mistari miwili ya picha. Kwenye skrini unaona ishara imeanza kilohezi tatu hivi juu ya masafa yake, inateremka taratibu, na katikati ya safari, setilaiti ikiwa karibu nawe kabisa, inashuka kwa haraka, kisha inatulia chini. Mkunjo uleule wa Guier na Weiffenbach, chumbani kwangu. Baada ya dakika kumi na kitu imezama, na wewe una picha ya mawingu ambayo hukumwomba mtu. Mwaka 2025 zote tatu zilizimwa. Niliumia, sifichi. Sasa nasikiliza za Urusi, Meteor-M N2-3 na N2-4. Hizo zinatuma kidijitali, hakuna tik-tok, unaona mkanda mpana tu kwenye skrini. Picha zake ni bora mara nyingi, lakini ile raha ya sikio imekwisha.

Ukishasikiliza hivi kwa muda, mambo ya vitabuni yanakaa yenyewe. Utajua kwa nini antena ya hali ya hewa inakusumbua kwa saa ya kupita wakati dishi la televisheni limetulia ukutani miaka yote: setilaiti ya televisheni iko kilomita 35,786 juu ya ikweta, inazunguka kwa kasi ileile ya dunia kujizungusha, hivyo inaonekana haisogei. Ya Meteor iko kama kilomita 820 tu, inapita karibu na ncha za dunia, inaona vitu kwa ukaribu lakini haikai. Za GPS ziko katikati, kilomita 20,200, na simu yako inahitaji angalau nne, tatu za kupata mahali na moja ya kusahihisha saa mbovu ya simu. Hata suala la umeme utalielewa. Sputnik 1 ilinyamaza baada ya wiki tatu hivi kwa kuwa betri ziliisha. Vanguard 1, ya mwaka 1958, ilibeba sola na ikaendelea kutuma mpaka 1964. Imenyamaza, ila bado inazunguka huko juu.

Na usidanganyike kwamba wasio na vyeo hawana nafasi. Desemba 1961, miaka minne na kidogo tu baada ya Sputnik, wapenzi wa redio, watu wanaotuma na kupokea kwa kujifurahisha tu, walirusha setilaiti yao wenyewe, OSCAR 1. Ilipakiwa mahali pa uzito wa kusawazisha roketi, ikawa inatuma "HI" kwa msimbo wa Morse, ule wa nukta na mistari. Mwaka 1999 Jordi Puig-Suari na Bob Twiggs wakabuni CubeSat, boksi la sentimita 10 kila upande, ili wanafunzi waweze kuunda setilaiti kabla hawajahitimu.

Tatizo ni kwamba setilaiti za wanafunzi zilizorushwa na zisisikike hata siku moja si chache. Kila mtu kwenye kundi anataka kuunda boksi, kila mtu anataka kupigwa picha na boksi. Nani atakaa na antena usiku wa manane kutafuta ishara dhaifu ya chombo kinachopita mbio? Kundi ninalolisaidia sasa lina watu wenye shahada mbilimbili, na mtambo wa kupokea walinikabidhi mimi. Kijana, huo ndio mlango. Wachache wanaupigania. Acha kuomba ruhusa kwa watu wanaocheka maswali, acha kukusanya vyeti vya kozi za mtandaoni ambazo huzitumii. Sikiliza!

Uliuliza pia kama ni halali. Kupokea picha za hali ya hewa hakuna shida katika nchi nyingi, maana zinatumwa wazi, ila hakikisha sheria za kwenu. Kutuma ni habari nyingine, lazima uwe na leseni ya redio za ridhaa, yaani ya wapenzi wa redio, na mtihani wake uufanye mapema. Kama vijiti na kompyuta bado ni mzigo kwako, anza na Kituo cha Kimataifa cha Anga, kilichoko kilomita 400 hivi juu. Mara mojamoja hutuma picha kwa sauti, ambayo programu huigeuza kuwa picha, kwenye megahezi 145.800, na hata redio ndogo ya mkononi ya mawasiliano inayofika masafa hayo inazinasa. Ukisikia wametangaza, weka redio hiyo kwenye masafa hayo kwa mtindo wa FM, tafuta mahali penye anga wazi, na anza kurekodi kabla hakijachomoza.